Jinsi ya kuandika andiko la utafiti kuhusu tatizo la sera ya umma

Maandiko mengi ya sera huharibikia kwenye aya ya kwanza, kabla mwandishi hajagusa takwimu hata moja. Mwanafunzi anaandika: "Tatizo ni kwamba shule nyingi hazina mpango wa chakula cha mchana." Hapo amekwisha kujifunga. Tatizo lililotajwa hivyo lina jibu ndani yake, na kurasa zote zinazofuata zitakuwa za utetezi tu. Msomaji makini atauliza, "Kwa nini chakula, si usafiri?", na andiko litakosa la kusema.

Ukosefu wa kitu unachotaka kukipendekeza si tatizo. Tatizo ni hali mbaya inayoonekana na kupimika, ambayo ingekuwepo hata kama wewe usingekuwa na pendekezo lolote. Katika mfano huu tatizo ni utoro: tuseme wanafunzi wa madarasa matatu ya mwanzo katika wilaya moja hukosa wastani wa siku 1 kati ya kila siku 5 za masomo, ilhali wa wilaya jirani hukosa siku 1 kati ya 20. Sasa chakula kinakuwa jibu mojawapo, pamoja na umbali, michango iliyojificha, ukosefu wa maji, maradhi na kazi za nyumbani, na utafiti wako umepata kazi ya kufanya.

Sentensi ya tatizo na swali la utafiti

Sentensi ya tatizo hubeba mambo manne: nani anaumia, anaumiaje, kwa kiasi gani, na kwa kulinganisha na nini. La mwisho ndilo husahaulika. "Asilimia 18 ya vijana hawana kazi" ni taarifa isiyo na uzito mpaka msomaji ajue ilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita, au ni ngapi kwa watu wazima, au lengo lililotangazwa lilikuwa lipi. Ongeza sentensi moja inayoeleza kwa nini jambo hili ni la serikali. Si kila taabu ni tatizo la umma. Sababu zinazokubalika hazizidi nne au tano: mtu anaumizwa na vitendo vya mwingine bila kulipwa, kama moshi wa kiwanda, mnunuzi hawezi kujua anachouziwa, kama dawa bandia, huduma haiwezi kumlipisha mtu mmoja mmoja, kama taa za barabarani, muuzaji ni mmoja na hana mshindani, au haki ya msingi inavunjwa. Ukikosa sababu ya kuandika hapo, badilisha mada.

Swali la utafiti huja baada ya sentensi hiyo, na lazima liwe la aina moja. Kuna maswali ya hali ilivyo (utoro ni mkubwa kiasi gani na kwa nani?), ya sababu (kufutwa kwa ada kulipunguza utoro?), na ya uamuzi (kati ya njia tatu, ipi inafaa zaidi?). Kila aina inadai ushahidi wake. Anayeuliza la sababu halafu akajibu kwa maelezo ya hali ilivyo amefeli hata akiandika kwa ufasaha wa kupendeza. Kwa andiko la maneno 3,000 hadi 4,000, chagua swali moja, kundi moja la watu, ngazi moja ya utawala na kipindi kisichozidi miaka kumi. Kisha lipime kwa kumtaja anayeamua: kama huwezi kusema ni wizara gani, halmashauri ipi au bodi ipi yenye mamlaka kisheria ya kubadilisha jambo hilo, swali bado ni pana mno. "Jamii ibadilike" haina mlengwa.

Vyanzo, na mpangilio wa kuvisoma

Wanafunzi wengi huanza na makala za kitaaluma, wakamalizia na sheria kama muda unabaki. Fanya kinyume. Soma kwanza matini yenyewe ya sera: sheria, kanuni zake, waraka wa utekelezaji. Mara nyingi utagundua kwamba kitu unachotaka kukipendekeza kimo sheriani tangu zamani na hakitekelezwi, na hapo andiko lako linageuka kuwa la utekelezaji. Ni afadhali kujua hilo wiki ya kwanza kuliko siku ya kuwasilisha. Angalia pia tarehe ya marekebisho ya mwisho, maana nakala nyingi zinazozagaa mtandaoni ni za kabla ya marekebisho.

Baada ya sheria, nenda kwenye fedha. Kitabu cha bajeti kinaonyesha kilichopangwa. Ripoti ya mkaguzi mkuu inaonyesha kilichotumika na kilichopotea njiani. Pengo kati ya hivyo viwili ni utafiti kamili peke yake. Kumbukumbu za mijadala ya bunge nazo zina faida ambayo wachache huitumia: humo utakuta hoja za waliopinga, zimeandaliwa tayari, na utazihitaji baadaye. Takwimu rasmi zije hapo, na mwisho tafiti za wasomi. Katika tafiti hizo anza na mapitio yanayojumlisha tafiti nyingi kwa pamoja, ndipo ushuke kwenye utafiti mmoja mmoja. Vyanzo 15 hadi 25 vilivyosomwa kweli vinatosha; 60 vilivyochunguliwa ikisiri tu, yaani muhtasari wa mwanzo, vitakuumbua.

Kwa kila chanzo andika mistari mitano mara moja, ukiwa umekifungua: kinadai nini, kwa data ya wapi na ya mwaka gani, kimelinganisha nini na nini, kina udhaifu gani, na ukurasa halisi wa dai. Nakala ya maneno ya mwandishi iwe ndani ya alama za kunukuu tangu kwenye daftari lako. Wizi mwingi wa kitaaluma hautokani na nia mbaya. Hutokana na daftari lisilotenganisha maneno ya mwandishi na ya mwanafunzi. Na kama umetumia programu ya akili mnemba kutafuta vyanzo, fungua kila kimoja mwenyewe: programu hizo hutunga majina ya makala ambazo hazipo, zikiwa na tarehe na kurasa zake kabisa.

Namba zinazodanganya

Kupanda kutoka asilimia 20 hadi 25 ni kupanda kwa pointi 5 za asilimia, au kwa asilimia 25 ya kiwango cha mwanzo. Zote mbili ni kweli, ila ukichanganya msomaji hatakuamini tena. Matukio yakiwa machache, acha asilimia kabisa: ajali zilizotoka 2 hadi 4 "zimeongezeka kwa asilimia 100", na hilo halimwambii mtu lolote. Linganisha maeneo kwa kiwango kwa kila watu 1,000 au 100,000, kamwe si kwa jumla, kwa sababu eneo lenye watu wengi litaongoza kwa kila kitu, kizuri na kibaya.

Fedha za miaka tofauti zinahitaji kuondolewa mfumuko wa bei. Bajeti ikiongezeka kwa asilimia 10 huku bei zikipanda kwa asilimia 12, gawanya 1.10 kwa 1.12: unapata 0.98, yaani thamani halisi imepungua kwa karibu asilimia 2. Makala nyingi za magazeti zingeiita bajeti hiyo "nyongeza kubwa". Chunguza pia kama kipimo chenyewe kilibadilika katikati. Makosa ya jinai "yaliyopanda" ghafla mara nyingi ni dawati jipya la polisi lililorahisisha kuripoti.

Ukitaka kukusanya data mwenyewe, fikiri mara mbili. Dodoso la watu 40 uliowapata kwenye korido haliwakilishi yeyote isipokuwa hao 40. Kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa, unahitaji watu 97 hivi kupata ukingo wa makosa (jibu la sampuli linavyoweza kupishana na la kundi zima) wa pointi 10 juu au chini, na 385 kwa pointi 5, ukitumia kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Hesabu hizo hazihusu kabisa sampuli ya wanaopatikana kirahisi, hata wakiwa 1,000. Mahojiano 6 hadi 10 na watekelezaji, kama walimu wakuu, wauguzi au maofisa wa halmashauri, yatakufaa zaidi, kwa sababu wao wanajua sera inakwama kwenye hatua gani. Omba kibali cha maadili mapema; kinaweza kula wiki kadhaa, na kwa watoto utahitaji pia ridhaa ya mzazi au mlezi.

Sababu na matokeo

Hapa ndipo maksi hupotea zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

"Sera ilianza, hali ikabadilika, kwa hiyo sera imefanya kazi" si hoja. Swali halisi ni: bila sera, hali ingekuwaje? Huwezi kuliona jibu hilo moja kwa moja, hivyo unatafuta mbadala wake. Njia ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu ni kulinganisha mabadiliko ya maeneo mawili, moja lililopata sera na moja ambalo halikupata. Tuseme utoro ulishuka kutoka siku 60 hadi 45 kwa mwaka mahali penye sera, na kutoka 58 hadi 50 mahali pasipo na sera. Upande wa kwanza umeshuka kwa 15, wa pili kwa 8 bila msaada wowote. Unachoweza kuihesabia sera ni 7, si 15. Na hata hiyo 7 inasimama tu kama maeneo hayo yalikuwa yakienda sambamba kabla ya sera, kwa hiyo onyesha miaka mitatu au minne ya nyuma.

Mfano unaofundishwa sana ni wa kima cha chini cha mshahara nchini Marekani. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima hicho kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Pennsylvania, jirani yake, haikupandisha. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walilinganisha ajira katika migahawa ya chakula cha haraka pande zote mbili za mpaka, na hawakuona ajira ikipungua New Jersey kama nadharia ya kawaida ilivyotabiri. Watafiti wengine baadaye walitumia kumbukumbu za malipo ya mishahara na kufikia jibu tofauti. Mgongano wa namna hii usiufiche, wala usihesabu kura kwa kusema "tafiti nyingi zinaunga mkono". Eleza kwa nini majibu yametofautiana: ni data, ni kipindi, au ni namna ya kupima? Aya moja inayotatua mgongano ina thamani kuliko aya tano zinazoorodhesha nani kasema nini.

Wakati mwingine sera huondolewa, na hiyo ni bahati ya mtafiti. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilijaribu tozo ya msongamano wa magari, yaani malipo ya kuingia mjini kwa gari, kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yanayoingia katikati ya mji yalipungua kwa takriban moja ya tano. Jaribio lilipokwisha yakaongezeka tena, kisha tozo ikarudishwa ya kudumu Agosti 2007. Mtu anayetaka kusema upungufu ule ulitokana na bei ya mafuta au hali ya hewa ana kazi ngumu.

Mtego mmoja haufundishwi vya kutosha. Sera hupelekwa mahali ambapo hali imekuwa mbaya kupita kawaida: kamera za mwendokasi hufungwa kwenye kona iliyokuwa na ajali nyingi mwaka jana. Mwaka wa ajali nyingi sana kwa kawaida hufuatwa na mwaka wa ajali chache zaidi, kamera ziwepo au zisiwepo. Ukilinganisha miaka hiyo miwili tu utaisifu kamera kwa kazi ambayo haikuifanya. Dawa yake ni kutumia wastani wa miaka kadhaa ya kabla.

Mbadala na vigezo

Andiko la uamuzi linahitaji mbadala tatu au nne, na wa kwanza daima ni kuendelea na hali ilivyo. Usiuchore kama maafa. Hali ilivyo nayo inasogea: labda sheria mpya imeshapitishwa, labda idadi ya wanafunzi inashuka yenyewe. Mbadala zilizobaki ziwe za kweli. Msahihishaji anatambua upesi pale mwandishi anapoweka njia mbili za kipuuzi ili ya tatu ing'ae.

Eleza kila mbadala kwa undani wa kutosha kutekelezeka, maana jina moja huficha sera nyingi. Chukua kodi ya vinywaji vyenye sukari. Mexico mwaka 2014 ilianza kutoza peso 1 kwa kila lita, bila kujali sukari ni kiasi gani. Uingereza, kuanzia Aprili 2018, ilitoza peni 18 kwa lita ya kinywaji chenye gramu 5 au zaidi za sukari kwa mililita 100, na peni 24 kikifika gramu 8. Mtindo wa kwanza unamsukuma mnunuzi kupitia bei. Wa pili unamsukuma mtengenezaji apunguze sukari ili ashuke chini ya mstari, na kwa kuwa ulitangazwa miaka miwili kabla, viwanda vingi vilibadilisha vinywaji vyao hata kabla ya siku ya kwanza. Mwanafunzi anayependekeza "kodi ya sukari itozwe" bado hajapendekeza kitu.

Vigezo vinne vinatosha: ufanisi katika kupunguza tatizo, gharama na nani anaibeba, usawa, na uwezekano wa kutekelezwa kiutawala na kisiasa. Vitaje kabla ya kuanza kulinganisha, na useme kipi kina uzito zaidi na kwa nini. Chora jedwali, mbadala kwenye safu mlalo na vigezo kwenye safu wima, na ndani ya kila kisanduku weka sentensi fupi yenye ushahidi. Alama kama "juu, kati, chini" bila maelezo ni pambo tu. Hakikisha kuna kigezo ambacho mbadala unaoupendelea unashindwa. Kama unashinda vyote vinne, umeficha kitu.

Kigezo cha utekelezaji ndicho hupewa mstari mmoja, na ndicho huangusha sera duniani. Jaribio lililoanza katika jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 1985 lilionyesha kwamba madarasa madogo, ya wanafunzi 13 hadi 17, yaliwasaidia watoto wa miaka ya mwanzo. California ikaanza kupunguza madarasa yake mwaka 1996 kwa jimbo zima na kwa haraka. Ghafla ikahitaji maelfu ya walimu, na shule zikaajiri wengi wasio na vyeti kamili. Ushahidi haukuwa wa uongo. Kilichobadilika ni ukubwa wa mradi, na ukubwa ulileta uhaba ambao jaribio halikuwa nao. Kwa kila ushahidi unaoazima kutoka kwingine, uliza kilichoufanya ufanikiwe kule kama kipo huku.

Uliza pia watu watafanya nini kuikwepa sera. Mwaka 1989 Mexico City ilianza kuzuia kila gari kutembea siku moja ya kazi kwa wiki, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Baadhi ya watu walinunua gari la pili lenye namba nyingine, mara nyingi kuukuu. Utafiti uliofanywa baadaye haukuona dalili kwamba hewa ilikuwa safi zaidi.

Kuandika

Mgawanyo unaokaa vizuri kwa maneno 4,000 ni huu: utangulizi na tatizo 600, historia ya sera iliyopo 500, ushahidi wa tafiti 800, mbinu 400, uchambuzi 900, mbadala na mapendekezo 700, hitimisho 100. Kosa la kawaida ni historia kumeza maneno 1,500, kwa kuwa ndiyo rahisi kuandika. Ukiwa na wiki sita, tumia moja kwa tatizo na swali, mbili kwa vyanzo, moja kwa uchambuzi na jedwali, moja kwa rasimu, na ya mwisho kwa kurekebisha. Anza kuandika uchambuzi. Utangulizi na ikisiri ya maneno 150 hadi 250 viandikwe mwisho, unapojua ulichokipata.

Kila aya ianze na dai, ifuate na ushahidi, kisha sentensi inayosema ushahidi huo unamaanisha nini kwa swali lako. Soma sentensi za kwanza za aya zote mfululizo bila kusoma zilizobaki. Zisipojenga hoja inayoeleweka, kupanga upya aya kutakusaidia kuliko kupamba lugha.

Hoja ya wapinzani ipewe nguvu yake kamili, na hapa ndipo zile kumbukumbu za bunge zinapofaa. Ichukue katika umbo lake bora, kubali sehemu iliyo kweli, halafu onyesha inapokoma.

Pendekezo moja lililokamilika linazidi manane yaliyorushwa. Liseme nani afanye, kwa chombo gani cha kisheria (sheria mpya, kanuni, waraka au mgawo wa bajeti), lini, kwa gharama ya takriban kiasi gani na fedha itoke wapi, na kipimo gani kikionekana baada ya muda gani kitaonyesha kwamba sera imeshindwa. "Serikali iongeze juhudi", "elimu itolewe kwa umma" na "wadau washirikiane" yafutwe yote. Yanaweza kubandikwa kwenye andiko lolote kuhusu tatizo lolote.

Kabla ya kuwasilisha, linganisha kila rejeo la ndani ya matini na orodha ya mwisho, uone hakuna lililobaki upande mmoja. Rudia kila hesabu kutoka kwenye chanzo, si kutoka kwenye rasimu yako. Kila jedwali na grafu iwe na mwaka, kipimo na chanzo chake. Kichwa cha andiko ukiache hadi hapa, kisha kitaje tatizo, kundi, mahali na kipindi kwa maneno yasiyozidi 20.